Sarufi, Pepo za Msimu na Wakati Ujao: Tathmini ya Kihistoria ya Nadharia ya John Mbiti kuhusu Wakati

1.0 Utangulizi

Uhusiano kati ya fikra za binadamu na ulimwengu wa maumbile ni suala kongwe katika falsafa. Kwa mwanahistoria, suala hilo huja kwa sura mahususi: tunajuaje watu waliotutangulia walifikiri nini kuhusu ulimwengu walioishi ndani yake? Fikra hazichimbuliwi ardhini kama vigae vya vyungu. Mtafiti hulazimika kuzitafuta katika alama zilizoachwa na watu wenye fikra hizo, yaani maneno, zana, mashamba, sherehe, madeni na hesabu. Kila aina ya alama ina mipaka yake, na makosa makubwa hutokea pale ambapo aina moja ya ushahidi hubebeshwa mzigo wa nyingine zote.

Makala haya yanachunguza mfano mmoja wa tatizo hilo. Mwaka 1969 John Samuel Mbiti alichapisha kitabu *African Religions and Philosophy*, ambamo alidai kwamba katika fikra za jadi za Waafrika wakati una pande mbili tu: wakati uliopita, ambao ni mrefu, na wakati uliopo. Wakati ujao, kwa maoni yake, karibu haupo kabisa. Ushahidi wake mkuu ulikuwa njeo za vitenzi katika Kikamba na Kigikuyu. Istilahi alizozitumia kuibeba nadharia hiyo, *Sasa* na *Zamani*, alizichukua kutoka Kiswahili. Kwa sababu hiyo, anayeandika kwa Kiswahili ana wajibu wa pekee wa kuirudia hoja hii.

Makala yanadai kwamba Mbiti aliutafuta wakati ujao mahali pafinyu mno. Watu wa Afrika Mashariki waliudhihirisha zaidi katika shughuli zilizowakutanisha na maumbile, hususan kungoja pepo za msimu, kupanda miti ya muda mrefu na kupokezana madaraka kati ya vizazi. Njeo za vitenzi zilikuwa sehemu ndogo tu ya jambo hilo.

2.0 Usuli wa Nadharia

Mbiti alizaliwa mwaka 1931 katika eneo la Kitui, Ukambani. Alisoma Makerere, kisha Marekani, na mwaka 1963 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Baada ya hapo alifundisha Makerere kuanzia mwaka 1964 hadi 1974. Utafiti wake wa uzamivu, uliochapishwa mwaka 1971, ulihusu mafundisho ya Agano Jipya juu ya siku za mwisho na namna yalivyopokewa na Wakamba. Hivyo, swali la wakati lilimjia kwanza kama swali la mhubiri: je, ahadi ya ufalme ujao inaeleweka vipi kwa watu ambao fikra zao, kwa maoni yake, haziuelekei wakati wa mbali ujao? Usuli huo ni muhimu. Wakati ujao alioupima Mbiti ulikuwa ule wa kitheolojia, unaoelekea kikomo cha historia. Wakati ujao wa mkulima, baharia au mdai ni wa aina nyingine.

Mbinu aliyoitumia nayo ilikuwa na watangulizi. Placide Tempels, mmisionari Mbelgiji aliyefanya kazi Kongo, alichapisha mwaka 1945 kitabu kilichojaribu kueleza falsafa ya Wabantu kupitia dhana ya nguvu ya uhai. Alexis Kagame wa Rwanda, katika kazi yake ya mwaka 1956, alichukua ngeli za nomino za Kinyarwanda na kutokana nazo akapata makundi manne ya vitu vyote vilivyopo: *umuntu*, *ikintu*, *ahantu* na *ukuntu*. Kwa Kagame, sarufi ilikuwa kama ramani ambayo wazee waliichora bila kujua kwamba wanafanya falsafa. Mbiti aliipokea imani hiyo ya msingi, kisha akaihamisha kutoka kwenye nomino kwenda kwenye kitenzi.

Hoja yake ina hatua tatu. Kwanza, wakati ni mkusanyiko wa matukio. Pasipo tukio hapana wakati. Pili, matukio ya siku za mbali hayajatokea, kwa hiyo hayawezi kuunda wakati halisi. Tatu, jambo hilo linathibitishwa na lugha, kwa kuwa njeo tatu za wakati ujao alizoziorodhesha haziendi mbali zaidi ya miezi michache, na kwa vyovyote hazivuki miaka miwili. *Sasa* ikawa jina la kipindi cha matukio yanayoishi katika kumbukumbu na matarajio ya karibu. *Zamani* ikawa bahari ambamo matukio yote huzama hatimaye.

Ni haki kutambua kwamba nadharia hii ilizaliwa kwa nia ya kuheshimu. Ilitolewa wakati ambapo waandishi wengi wa Ulaya walikuwa bado wanakana kuwapo kwa fikra yoyote ya kifalsafa barani Afrika, naye Mbiti alisimama kuonesha kwamba ipo na ina mantiki yake. Hata hivyo, madai kwamba Mwafrika wa jadi hana wakati ujao yana uzito nje ya maktaba. Yakikubaliwa, yanaweza kugeuzwa kuwa maelezo mepesi ya umaskini, kwamba watu ni maskini kwa sababu hawapangi, na hawapangi kwa sababu lugha yao haiwaruhusu. Hapo historia ya ukoloni, ardhi na kazi hufutwa kwa sentensi moja. Kwa hiyo, kuupima ushahidi wa nadharia hii ni jambo lenye matokeo kwa namna tunavyoandika historia ya jamii zetu.

3.0 Ushahidi wa Sarufi

Udhaifu wa kwanza unaonekana tunapoitumia mbinu ya Mbiti kwa lugha ile ile iliyompa istilahi. Kigikuyu na Kikamba hutofautisha viwango kadhaa vya wakati uliopita: wa leo, wa jana, na wa mbali. Kiswahili hakifanyi hivyo. Kiambishi *-li-* hutumika katika "nilikunywa chai asubuhi" na pia katika "Kilwa ilistawi kwa biashara ya dhahabu". Iwapo njeo ndiyo kipimo cha fikra, itatubidi tuseme kwamba msemaji wa Kiswahili hatofautishi asubuhi ya leo na karne ya 14. Hakuna atakayekubali hitimisho hilo. Tofauti ambayo haimo katika kiambishi imo katika maneno mengine, katika muktadha na katika maarifa ya wasemaji.

Hali ni hiyo hiyo kwa wakati ujao. Kiambishi *-ta-* hakina kikomo. Hutumika kwa chakula cha usiku na kwa Siku ya Kiyama. Panapohitajika kipimo, Kiswahili hukitoa kwa msamiati: kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo, mwakani. Kwame Gyekye alitoa pingamizi la aina hii mwaka 1987 kwa kutumia Kiakani, akionesha kwamba lugha hiyo ina maneno ya wakati ujao wa mbali na kwamba madai ya Mbiti hayawezi kuenezwa kwa bara zima.

Istilahi zenyewe zina tatizo. Neno *zamani* lina asili ya Kiarabu, ambako humaanisha wakati kwa jumla, na Kiswahili kimehifadhi sehemu ya maana hiyo. Msemaji anaposema "zamani hizi" anazungumzia siku za leo, wala si za kale. Neno ambalo Mbiti alilifanya jina la wakati uliokwisha kuzama lilikuwa, katika matumizi ya wenye lugha, na uwezo wa kuutaja wakati uliopo.

Jambo la tatu halijapewa uzito unaostahili. Maarifa kuhusu yatakayotokea mara nyingi huelezwa bila njeo yoyote ya wakati ujao. "Kusi huvuma baada ya masika." "Mkarafuu huzaa baada ya miaka kadhaa." Kiambishi *hu-* hakitaji kesho wala jana, hutaja kanuni. Lakini nahodha na mwenye shamba hufanya maamuzi yao ya miaka ijayo kwa kuitegemea kanuni hiyo. Methali isemayo kwamba dalili ya mvua ni mawingu haina kitenzi chenye njeo, ilhali maudhui yake yote ni utabiri. Mtafiti anayehesabu viambishi vya wakati ujao pekee atapita mbele ya maarifa haya bila kuyaona.

Kosa la aina hii limewahi kutokea kwingineko. Benjamin Lee Whorf, aliyefariki mwaka 1941, alidai kwamba lugha ya Wahopi wa Marekani haina maneno wala miundo inayorejelea moja kwa moja kile tunachokiita wakati. Mwaka 1983 Ekkehart Malotki alichapisha uchunguzi mrefu wa lugha hiyo uliodhihirisha wingi wa istilahi za wakati, pamoja na kalenda na desturi za kuhesabu siku. Katika mifano yote miwili mtafiti alianza na sarufi na kuishia kwenye fikra, bila kusimama njiani kuchunguza watu wanafanya nini.

4.0 Ushahidi wa Maumbile na Kazi

Mbiti mwenyewe aliacha mlango wazi. Alikubali kwamba matukio yasiyokuwa na budi kutokea, au yale yaliyomo katika mzunguko wa maumbile, yanaweza kuhesabiwa kama wakati unaotarajiwa, ingawa si wakati halisi. Kwa kukubali hivyo, alikubali kwamba ulimwengu wa maumbile huipa akili sababu ya kutazama mbele. Swali linalobaki ni la kihistoria: mtazamo huo ulifika umbali gani?

4.1 Pepo za Msimu na Hesabu ya Nairuzi

Katika pwani ya Afrika Mashariki kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi hushika nafasi yake takriban kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Majahazi ya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi yalikuja kwa kaskazi na kurejea kwa kusi. Aliyechelewa kuondoka aliweza kulazimika kungoja msimu mwingine. Biashara nzima ilitegemea uwezo wa kujua mapema upepo utageuka lini.

Kalenda ya Kiislamu haikuweza kutoa maarifa hayo. Mwaka wake wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355, hivyo kila mwaka miezi yake hurudi nyuma kwa takriban siku 11 ukilinganisha na majira ya jua. Watu wa pwani walitumia kalenda mbili kwa pamoja: ya mwezi kwa ibada, na ya jua kwa bahari na shamba. Ile ya jua ilianza siku ya Nairuzi, neno lenye asili ya Kiajemi, na ilikuwa na siku 365 zilizohesabiwa kwa makumi. Neno *mwongo*, ambalo leo tunalitumia kwa miaka kumi, katika hesabu hiyo lilikuwa na maana ya siku kumi. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walipanga safari zao kwa kuhesabu siku tangu Nairuzi, na hesabu hiyo imo katika maandishi ya Ahmad ibn Majid, mwanamaji wa karne ya 15 aliyeandika pia juu ya njia za pwani yetu. Sherehe ya Mwaka Kogwa huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, ni urithi wa kalenda hiyo ulio hai hadi leo.

Mtu anaweza kusema kwamba Nairuzi ililetwa kutoka nje. Asili ya jina haibadilishi hoja. Hesabu hiyo ilidumu pwani kwa sababu ilikidhi haja iliyoletwa na upepo wenyewe, na iliwatumikia wakulima wasiowahi kuvuka bahari kama ilivyowatumikia manahodha. Hapa pia tunaona kwamba maumbile hayaamuru fikra moja kwa moja. Upepo ulikuwa mmoja kwa mfanyabiashara wa mjini na kwa mkulima wa Makunduchi. Wa kwanza aliungoja kama ratiba ya safari, wa pili kama ishara ya mvua na kupanda. Kazi ndiyo iliyoamua ni sehemu gani ya maumbile igeuke kuwa wakati.

4.2 Mkarafuu

Zao la karafuu lililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 na kuenea haraka chini ya utawala wa Seyyid Said. Mkarafuu huhitaji takriban miaka sita hadi minane kabla ya kuanza kuzaa, na baadaye huweza kuzaa kwa miongo mingi. Kupanda mkarafuu ni kuweka mali na kazi katika mti ambao pengine atakayefaidi zaidi ni mtoto wa aliyeupanda. Mwezi wa Aprili 1872 tufani iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, huku Pemba ikiathirika kidogo tu. Wenye mashamba walipanda upya wakijua kwamba wangesubiri miaka kabla ya kuvuna. Mpaka wa miaka miwili uliowekwa na Mbiti unavukwa mara kadhaa katika uamuzi huo mmoja.

Biashara ya bara ilifuata mkondo huo huo. Wafanyabiashara wa Unguja wenye asili ya Kihindi, kama Taria Topan, walikopesha bidhaa kwa misafara iliyokwenda kutafuta pembe za ndovu. Safari ya tatu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, ilianza mwaka 1870, naye alirejea Unguja mwaka 1882. Deni la namna hiyo haliwezekani pasipo pande mbili zinazokubaliana kuhusu siku ambayo bado haijaonekana.

4.3 Ituika ya Wagikuyu

Anayemtetea Mbiti anaweza kujibu kwamba pwani, kwa Uislamu wake na biashara yake ya kimataifa, si kielelezo cha fikra za jadi. Pingamizi hilo linatulazimu kurejea kwa Wagikuyu wenyewe, ambao vitenzi vyao vilitolewa kama ushahidi. Jomo Kenyatta, katika *Facing Mount Kenya* cha mwaka 1938, anaeleza ituika, sherehe ya kukabidhiana utawala kati ya rika mbili za kizazi, Mwangi na Maina, ambayo pia huitwa Irungu. Sherehe hiyo ilifanyika kwa vipindi vya takriban miaka 30 hadi 40. Kijana aliyezaliwa katika rika lisilotawala alijua zamu ya kizazi chake itafika, na wazee waliokuwa madarakani walijua kwamba madaraka yao yana mwisho.

Iwapo ituika itahesabiwa kuwa sehemu ya mzunguko wa maumbile, kwa kuwa inafuata kuzaliwa na kuzeeka kwa binadamu, basi mzunguko huo unafika mbali kuliko miaka miwili. Iwapo haitahesabiwa hivyo, basi jamii ilijenga wakati ujao wa miongo kwa mpango wake yenyewe. Njia zote mbili zinaiondolea nadharia mpaka wake. Kenyatta anaongeza jambo la kusikitisha: ituika iliyotarajiwa katika miaka ya 1920 ilizuiwa na utawala wa kikoloni. Wakati ujao huo ulizimwa na amri ya serikali, wala haukuwa umekosekana katika kitenzi.

5.0 Mjadala

Ushahidi huu usisomwe kama sifa tupu kwa wahenga. Mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa. Mwenye shamba aliyepanga mavuno ya miaka kumi alifanya hivyo kwa kuwanyang'anya wengine uwezo wa kupanga hata mwaka mmoja. Mkataba wa mwaka 1873 ulifunga biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, lakini hali ya utumwa haikufutwa kisheria Zanzibar hadi mwaka 1897. Mtumwa na bwana wake walizungumza lugha moja na kutumia kiambishi kile kile cha *-ta-*. Kilichowatenganisha ni nani aliyekuwa na mamlaka juu ya ardhi, mti na mwili. Hivyo, urefu wa wakati ujao katika fikra za mtu hauwezi kuelezwa bila kutazama nafasi yake katika mahusiano ya kijamii. Sarufi hainyamazi kwa bahati mbaya kuhusu jambo hili. Haina chombo cha kulisemea.

Mbinu ya makala haya nayo ina tahadhari yake. Methali, kama viambishi, ni ushahidi wa lugha, na mtu anaweza kuchagua zile zinazomfaa. Kwa hiyo methali iliyotajwa hapo juu imetumika kuonesha namna ya usemi tu. Uzito wa hoja umewekwa kwenye kalenda, mti, deni na sherehe, vitu ambavyo watu walivigharamia. Mtu anayetoa mali leo kwa ajili ya jambo la miaka saba ijayo ametuachia ushahidi mzito wa fikra zake kuliko kitenzi alichokitumia kulitaja.

6.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba nadharia ya Mbiti kuhusu wakati inategemea hatua isiyo salama, yaani kutoka kwenye njeo hadi kwenye fikra. Hatua hiyo inashindwa katika Kiswahili kwa misingi ya kisarufi, na inashindwa pwani na bara kwa misingi ya kihistoria. Hata hivyo, sehemu moja ya mawazo yake inastahili kubaki: kwamba wakati hupata maana kutokana na matukio na kutokana na mzunguko wa maumbile. Marekebisho yanayopendekezwa ni kwamba katikati ya maumbile na fikra iwekwe kazi ya binadamu, pamoja na mamlaka yanayoamua kazi hiyo ni ya nani na mavuno yake ni ya nani.

Kwa watafiti wanaoandika kwa Kiswahili, funzo ni la kimbinu. Lugha yetu ni hazina ya ushahidi, lakini si shahidi pekee. Anayetaka kujua watu wa Makunduchi waliufikiriaje mwaka ujao na aanze kwa kuuliza walihesabu nini, walipanda nini, na walimngoja nani. Akishapata majibu hayo, ndipo arejee kwenye vitenzi vyao.